Waya wa chungwa nyuma ya redio: jinsi ya kuifanya skrini ipungue mwanga yenyewe usiku

SWALI: Nina Toyota Noah ya mwaka 2012. Napeleka wageni uwanja wa ndege wa Mombasa na mara nyingi narudi Malindi usiku. Nimefungiwa redio ya Android ya inchi 10. Mchana iko sawa, lakini usiku inawaka vikali mno, mpaka naiona ndani ya kioo cha mbele. Redio ya zamani, ile iliyokuja na gari kutoka Japani, ilikuwa ikipungua mwanga yenyewe kila nikiwasha taa. Nyuma ya hii mpya fundi ameacha waya wa rangi ya chungwa, ameufunga tepu. Nilipomuuliza akasema hauna kazi. Fundi mwingine ananiambia niuunganishe na ule mwekundu. Nimsikilize nani, na je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe? (Msomaji wa Muyeye, Malindi)

JIBU: Ndugu yangu, usimsikilize yeyote kati yao. Waya huo una kazi, na kwa dereva anayerudi usiku kama wewe ni kazi kubwa. Ndio unaoiarifu redio kwamba taa za gari zimewashwa. Ukiunganishwa panapostahili, unawasha taa ndogo (zile za hatua ya kwanza ya swichi ya taa) na skrini inashuka mwanga papo hapo. Unazima, inarudi ilivyokuwa. Panapostahili ni kwenye waya wa gari unaopata umeme pale tu taa ndogo zinapowaka. Na kwa kuwa redio yako ya zamani ilikuwa ikipungua yenyewe, waya huo wa gari umeshafika nyuma ya redio tangu kiwandani. Huna haja ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye taa wala kutoboa kitu. Kazi iliyobaki ni kuutambua.

Lakini kwanza naomba tukae kidogo kwenye sababu, maana naona mafundi wengi wanaufanya waya huu pambo, kitu cha kufungwa kama muda upo. Unaijua barabara yako kuliko mimi. Ukishaipita Kilifi mjini, taa za barabarani zimekwisha. Roka, Matsangoni, Mida, mpaka unapoingia Gede, sehemu kubwa mkono wako wa kushoto ni msitu wa Arabuko-Sokoke na mbele yako ni kiza. Pembeni kuna watu wanaotembea kwa miguu wamevaa nguo nyeusi, baiskeli zisizo na taa, na bodaboda iliyosimama nusu ndani ya lami. Jicho la binadamu linaweza kuona mengi katika kiza hicho, ila linahitaji muda wa kuzoea, hata nusu saa kabla halijafika mwisho wa uwezo wake. Mwanga mkali wa sekunde chache tu unalirudisha nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiitupia jicho ramani kwenye skrini kali, kisha ukalirudisha barabarani, kuna sekunde moja au mbili ambazo mbele yako ni weusi mtupu, na hizo ni mita 22 au 44 ulizokwenda bila kuona. Wale tuliokwisha kuingia utu uzima jicho letu linachelewa zaidi kurudi. Kivuli cha skrini unachokiona kwenye kioo nacho kinakaa juu ya barabara ile ile unayoitafuta. Kwa hiyo ulipolalamika hukuwa unadeka. Ulilalamikia jambo la usalama, na fundi alipaswa kulisikia hivyo.

Sasa tuingie kwenye waya wenyewe. Redio ya gari ina nyaya mbili za umeme wa kuingia na mmoja wa kuurudisha. Wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja na hauzimwi na ufunguo. Kazi yake ni kutunza saa, stesheni na mipangilio, na kwa redio nyingi ndio unaobeba nguvu yote. Mwekundu unapata umeme ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza. Unaiambia redio iamke. Mweusi ni wa bodi, yaani chuma cha gari, upande wa hasi. Wa chungwa, ambao kwa redio nyingine una mstari mweupe, hauleti nguvu yoyote ya kuendesha redio. Ni waya wa habari. Ndani ya redio kuna sehemu inayouangalia: ikikuta volti 12, inajua ni usiku na inatumia kiwango cha pili cha mwanga, ikikuta sifuri, inajua ni mchana. Umeme unaopita humo kwa redio za siku hizi ni mdogo mno, hautoshi hata kuwasha balbu ndogo ya dashibodi. Redio za zamani sana ndizo zilizokuwa zikiwashia balbu zao za vitufe kwa waya huu.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ushauri wa kuuweka kwenye mwekundu si sawa. Ukifanya hivyo redio inakuta volti 12 kila unapozungusha ufunguo. Itaamini ni usiku saa zote. Utaendesha mchana wa Malindi, jua la saa saba linapiga dashibodi, na skrini itakuwa hafifu huoni jina la stesheni wala njia kwenye ramani. Utaingia kwenye mipangilio, utapandisha mwanga wa usiku mpaka mwisho, na hapo utakuwa umerudi ulipoanzia. Kuuweka kwenye wa njano ni vile vile, tena bila hata ufunguo. Gari haliungui kwa makosa hayo, lakini hujapata ulichotaka.

Kuna makosa mengine ambayo yanaunguza. Wa bluu, ule wa kuamsha antena au amplifaya, hauleti umeme kwenye redio, unatoa. Ukiunganishwa na nyaya za taa kwa kudhani ndio wa mwanga, redio inaanza kuzilisha taa za gari kwa waya uliotengenezwa kubeba umeme kidogo sana, na sehemu hiyo ya redio inakufa. Karibu na wa chungwa, kwenye redio za Android, utakuta pia waya wenye kibandiko cha “BACK” au “REVERSE”. Huo ni wa kamera ya nyuma. Ukiunganishwa na taa ndogo, kila ukiwasha taa skrini inaacha ramani na kukuonyesha nyuma ya gari. Nawaambia hivi wasomaji kwa sababu hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote: kama kamera inajifungua kila jioni, fundi ameshika waya usio wake. Wa mwanga huwa na kibandiko cha “ILL”. Soma kibandiko kabla ya kuangalia rangi.

Na kuhusu rangi, naomba utenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Rangi nilizotaja ni za upande wa redio mpya, na watengenezaji wengi wanazifuata. Upande wa gari ni hadithi nyingine. Toyota ina rangi zake: kwenye plagi kubwa ya matundu 10 mara nyingi umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, wa bodi ni wa kahawia, na wa taa chanya ni wa kijani. Plagi ndogo ya matundu 6 ni ya spika za nyuma, usihangaike nayo. Nissan, Mazda na Subaru zina mpango wao. Kwa hiyo mtu anayekuambia “unganisha chungwa na chungwa” hajui anachokisema, na mimi ninayekuambia “tafuta wa kijani” nataka uthibitishe kwa mita kabla ya kuamini neno langu. Gari limetoka Japani, limepita mikononi mwa mafundi wawili watatu Mombasa na Malindi. Huwezi kujua nani alikata nini.

Nadhani najua pia kwa nini wako uliachwa. Redio za Japani hutolewa kwa sababu FM zake zinaishia megahezi 90, au 95 kwa zile mpya, na stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Zikitolewa, fundi hakati plagi ya gari. Anaweka plagi ya kati, upande mmoja umbo la Toyota, upande wa pili nyaya za redio mpya. Plagi nyingi za namna hiyo zinazouzwa huja na nyaya za lazima tu: betri, ufunguo, bodi na spika. Tundu la mwanga huachwa wazi. Fundi akifika kwenye wa chungwa hakuti wa kuuunganisha nao, anaufunga tepu na kukukabidhi gari. Ukiitazama plagi yako upande wa gari utaona waya umeingia kwenye tundu ambalo upande wa plagi ya kati liko tupu. Hapo ndipo penye uwezekano mkubwa.

Sasa kupima. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Toa fremu ya dashibodi inayozunguka redio kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, kisha fungua boliti za redio, ambazo kwa Toyota mara nyingi ni namba 10, uivute redio mbele. Chomoa plagi ya gari. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma kitupu cha bodi, mahali pasipo na rangi. Na hapa kuna njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji kujua rangi hata moja: zima gari, toa ufunguo kabisa. Gusa matundu ya plagi moja moja. Ni moja tu litakalokupa volti 12 na kitu, nalo ni la betri. Sasa, ufunguo ukiwa bado mfukoni mwako, washa taa ndogo na urudie. Sasa yatakuwa mawili. Lile jipya ndilo unalolitafuta. Zima taa, linashuka sifuri. Washa, linapanda 12. Rudia mara kadhaa mpaka moyo uridhike. La mwekundu haliwezi kukudanganya hapo kwa sababu bila ufunguo halina umeme. Kama gari lako ni la aina ambayo taa hazikubali bila ufunguo, pima ufunguo ukiwa hatua ya kwanza na utafute tundu linalobadilika kwa taa peke yake.

Usitumie balbu ya kupimia kubahatisha kila waya unaoukuta nyuma ya dashibodi. Nyaya zilizovikwa ala ya njano, zenye plagi za njano, ni za mifuko ya hewa ya ajali. Hizo haziguswi, hazipimwi, hazisogezwi. Sisemi kukutisha, mfuko wa hewa ukilipuka mtu ameinama juu ya dashibodi unaweza kumuumiza vibaya.

Kwenye Toyota kuna mtego mmoja ambao nataka uujue vizuri, maana nimeuona ukiharibu redio za watu. Taa za dashibodi zina nyaya mbili, chanya na hasi. Ile chanya inapata volti 12 kamili ukiwasha taa ndogo. Kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza mwanga wa dashibodi, katika Toyota nyingi, hakikai kwenye chanya. Kinakaa kwenye hasi: kinauzuia umeme wakati wa kurudi kwenye bodi. Waya huo wa hasi nao umefika nyuma ya redio. Taa zikiwa zimezimwa, ukiupima na mita unafanana kabisa na waya wa bodi, na fundi mwenye haraka huuchukua akauunga na mweusi wa redio. Redio inawaka, mteja anaondoka. Usiku anawasha taa, anazungusha kigurudumu, redio inafifia sauti, inazimika na kuwaka upya, au nguvu yote ya redio inapita ndani ya kile kigurudumu kidogo mpaka kinaungua. Ukiwasha taa na kuzungusha kigurudumu, huo wa hasi volti zake zinapanda na kushuka. Wa chanya unabaki palepale kwenye 12. Wa chungwa wa redio unaunganishwa na chanya. Wa hasi huuhitaji: uvike mwisho wake, uuache. Na mweusi wa redio uhakikishe uko kwenye bodi halisi, kama si kwenye plagi basi kwa boliti kwenye chuma.

Matokeo yake ni kwamba kigurudumu cha dashibodi hakitaiongoza skrini yako. Skrini itakuwa na viwango viwili, cha mchana na cha usiku, na kile cha usiku utakichagua mwenyewe ndani ya redio. Kwa maoni yangu ni bora hivyo, kwa sababu kiwango kinachofaa kwa mishale ya dashibodi si kile kinachofaa kwa skrini ya inchi 10.

Magari mengine, hasa ya miaka ya karibuni, hupunguza mwanga kwa namna tofauti. Hayashushi volti, huukatakata umeme, huwasha na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni, na kadiri vipindi vya kuzima vinavyorefuka ndivyo taa inavyoonekana hafifu. Ukiuunga wa chungwa hapo, redio inapokea habari zinazopingana: usiku, mchana, usiku, mchana. Skrini inacheza, au inakaa sawa kigurudumu kikiwa juu na kuanza kurukaruka kikishushwa. Mita ya kawaida itakuonyesha wastani tu, kwa mfano volti 6 pale ambapo ukweli ni volti 12 zinazokatwa nusu ya muda. Kama unapopima tundu la chanya linabadilika ukizungusha kigurudumu, shuku jambo hili, na kama mita yako ina kipimo cha hezi, yaani umeme unakatwa mara ngapi kwa sekunde, itakupa jibu mara moja.

Dawa iliyo rahisi ni kuuacha waya huo na kuchukua habari mahali pengine palipotulia, kwenye mkondo wa taa ndogo wenyewe. Kwa anayependa kushika chuma cha kulehemu kuna njia ya pili. Weka dayodi ya 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, katikati ya njia, ule mstari wake wa fedha uelekee redio. Baada ya dayodi, upande wa redio, weka kapasita ya mikrofaradi 100 yenye uwezo wa volti 25 au zaidi, mguu wa hasi ukienda kwenye bodi, na kando yake rezista ya kiloomu 10 nayo iende kwenye bodi. Kapasita inajaa kila umeme unapokuja na kuushikilia unapokatwa, kwa hiyo redio inaona volti zilizotulia. Rezista ni ya kuimwaga kapasita ukizima taa. Bila hiyo skrini inaweza kubaki na mwanga wa usiku muda mrefu taa zikiwa zimeshazimwa. Kwa Noah yako sidhani utafika huko, ila pima kwanza.

Kama kwa sababu yoyote waya wa mwanga haupo kwenye plagi, labda kuna aliyeukata, fungua kisanduku cha fyuzi ndani ya gari. Toyota nyingi zina fyuzi iliyoandikwa “TAIL” na nyingine “PANEL”. Ya kwanza ni ya taa ndogo, ya pili ni ya taa za dashibodi. Chukua umeme upande unaotoka kwenye fyuzi, usiokuwa na umeme taa zikizimwa, na uweke fyuzi yako ndogo ya ampia 1 karibu kabisa na hapo unapounga. Waya mwembamba unatosha; hakuna nguvu inayobebwa. Fyuzi hiyo ndogo si hiari. Waya huo ukija kusagika nyuma ya dashibodi na kupiga shoti kwenye chuma, bila fyuzi yake utaondoka na fyuzi ya taa za nyuma, na lori lililo nyuma yako pale Matsangoni halitakuona.

Peugeot na Volkswagen, na gari nyingi za Ulaya za miaka ya karibuni, hapo ni tofauti kabisa. Habari za taa zinapita kama ujumbe wa kompyuta ndani ya nyaya mbili zilizosokotwa, na huwezi kuzipata kwa kupapasa na mita. Kwa hizo unanunua kijisanduku cha kutafsiri kinacholingana na gari, nacho hutoa waya wake wa “ILL”.

Sasa kuunga. Hapa kwetu nina neno la ziada, na wenzetu wa bara hawalihitaji sana. Hewa ya bahari inakula shaba. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi unaweza kukaa miaka kule juu. Hapa Malindi, joto la dashibodi linayeyusha gundi ya tepu, tepu inafunguka, chumvi inaingia, na baada ya muda shaba imegeuka kijani. Waya mwingine ukilegea redio inanyamaza na utajua. Huu ukilegea, skrini inakurudia na mwanga wa mchana ghafla katikati ya kiza, au inapepesa kila unapopita shimo. Afadhali kosa la kwanza kuliko hilo. Kwa hiyo ondoa kwanza kichwa cha hasi cha betri, vua ala ya waya kidogo, pitisha mrija wa plastiki unaojibana ukipashwa moto, lehemu kwa risasi, kisha uufunike mrija na kuupasha. Kama hulehemu, tumia kiungio cha chuma cha kubana kwa koleo lake, kilichofunikwa. Vile vibano vya plastiki vya bei rahisi vinavyokata ala ya waya bila kuuvua, sivitaki kabisa ukanda huu. Blade yake inajeruhi shaba na kuacha mlango wazi kwa chumvi. Ukimaliza, funga nyaya pamoja zisicheze, mbali na makali ya chuma na mbali na njia ya kupitishia hewa ya joto.

Rudisha betri, washa redio, washa taa ndogo. Kama skrini imeshuka na vitufe vya pembeni vimewaka, umefika. Kama hakuna kilichobadilika usikimbilie kufungua tena. Pima volti kwenye wa chungwa wenyewe taa zikiwa zimewashwa. Kama zipo 12, waya uko sawa na tatizo ni mipangilio. Redio nyingi za Android zinakuachia uchague skrini ifuate nini: taa za gari, saa, au mkono wako. Zinapotoka dukani nyingine huwa zimewekwa zifuate mkono. Ingia kwenye mipangilio ya gari au ya mwanga, chagua zifuate taa, na utafute viwango viwili, vya mchana na usiku. Cha usiku nyingine hukiweka karibu sawa na cha mchana, na mtu akaamini waya haujafanya kazi.

Kiwango hicho cha usiku usikichague ukiwa karakana chini ya taa. Nenda mahali penye kiza cha kweli. Barabara ya Mayungu baada ya isha inatosha. Simama pembeni salama, kaa kama dakika kumi macho yazoee, kisha anza chini kabisa na upandishe kidogo kidogo mpaka usome maandishi bila kukaza jicho. Wengi wanaishia karibu na robo ya mwanga wote, baadhi chini zaidi. Kisha ifanye ramani nayo igeuke nyeusi usiku, na ukurasa wa mwanzo wa redio uwe na picha ya giza. Skrini nyeupe iliyopunguzwa bado ni nyeupe.

Kufuata saa ni njia ya akiba. Kwetu si mbaya kama nchi za mbali na ikweta, ambako jua huchwea jioni mapema majira mengine na usiku mwingi majira mengine. Hapa Malindi mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na kitu, na kiza kinaingia upesi. Ukiweka saa kumi na mbili na nusu hutakosea sana. Lakini saa haijui kwamba mvua ya masika imeziba anga saa kumi jioni na umewasha taa. Waya unajua.

Nayo njia ya waya ina upungufu wake mmoja. Kama wewe ni mmoja wa madereva wanaowasha taa mchana ili waonekane, jambo ambalo nalisifu katika barabara ya kwetu, skrini itajua ni usiku na itakuwa hafifu juani. Redio nyingine zina kitufe cha kuilazimisha mchana; kama yako inacho, kiweke kwenye ukurasa wa mwanzo. Kama haina, pandisha kiwango cha usiku hatua moja tu, usizidishe. Kati ya kusoma stesheni kwa shida mchana na kupofuka usiku, mimi nachagua shida ya mchana.

Umeuliza kama unaweza kuifanya mwenyewe. Kama una mita na unajua kuisoma, na una subira ya kupima kabla ya kukata, unaweza, na asubuhi moja inatosha. Kama huna, rudi kwa fundi, lakini usimwambie “rekebisha mwanga”. Mwambie unataka waya wa ILL wa redio uungwe na chanya ya taa za dashibodi, si hasi, na kwamba akuonyeshe kwenye mita volti zikija na kuondoka kwa taa kabla hajaunga. Anayeijua kazi atafurahi kuulizwa hivyo. Na ukikuta rangi zisizofanana na nilizotaja, niandikie aina ya plagi, umbo lake na matundu yake, na kila tundu lilisoma volti ngapi taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa. Kwa vipimo hivyo nitaweza kukuambia ni upi.